Magurudumu Yalifunga

Baba yangu hajawahi kugonga kitu. Mgeni yeyote anayeingia kwetu huambiwa hivyo kabla hajapewa chai. Aliendesha malori ya polisi, kisha basi la kubeba askari, kisha gari la mkubwa mmoja, kwenye matope ya kaskazini na vumbi la magharibi, na siku aliyostaafu alirudisha funguo bila mkwaruzo hata mmoja. Majirani zetu hapa Kansanga wanamwita afande mpaka leo. Sisi watoto pia tulimwita hivyo tulipokuwa wadogo, kwa kuwa tulizaliwa kambini na tulidhani ndilo jina la baba wote.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu yalitokea kwa Kiswahili. Shuleni nasoma kwa Kiingereza, dukani ni Luganda, lakini baba ni mtu wa kaskazini na mama ni Mnubi, na lugha waliyokutania ni ile ya kambi. Wakigombana ni Kiswahili. Wakipendana nadhani ni Kiswahili pia, ingawa hiyo sijawahi kuisikia. Kama nyumbani tungekuwa na lugha nyingine yoyote, labda leo kaka yangu angekuwa na kazi.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, baba alilinunua bondi, kwenye yadi ya magari yaliyotumika, baada ya kustaafu. Ukiliwasha, mwanamke wa ndani ya redio anasema jambo kwa Kijapani, sauti ya adabu kabisa, na baba humjibu, "Ndiyo, mama," kisha anaweka gia. Nilikuwa bado shule ya msingi. Siku moja mvua inanyesha tunashuka mteremko, lori la mchanga likasimama ghafla mbele yetu. Baba akakanyaga breki. Nilikuwa nyuma, nikasikia mngurumo chini ya gari, krrr, kama mtu anasaga mawe kwenye sufuria. Tulisimama vizuri tu, mbali na lori. Lakini baba alibaki ameshika usukani, anaangalia mguu wake kana kwamba umeumwa na kitu.

"Imenisukuma," akasema. "Breki imenisukuma mguu."

Tukaenda moja kwa moja hadi gereji ya fundi wake huko Kamwokya. Fundi ni Mkongomani mrefu, anapenda utani, na baba alimwamini kwa sababu alimsikia akiongea Kiswahili. Akalichukua gari, akazunguka nalo kidogo, akarudi anacheka.

"Afande, hii si ugonjwa. Hii ni ABS. Ndiyo kazi yake."

"Kazi gani?"

"Inazuia breki isifunge."

Baba akamtazama. "Rudia."

"Inazuia isifunge, afande. Ukikanyaga sana, yenyewe inaachia, inashika, inaachia, inashika, mbio mbio. Ili isifunge."

"Mimi nataka ifunge."

"Hapana, afande, nasema hivi..."

"Wewe sikia. Mimi nikikanyaga breki nataka gari isimame. Sasa unaniambia kuna mashine humo ndani inasema isifunge. Nani ameiweka?"

"Wajapani."

"Toa."

Fundi akacheka tena, akadhani ni mzaha. Baba hakucheka. Basi fundi akafungua kiboksi karibu na betri, akang'oa fyuzi ndogo kama punje ya hindi, akampa. Baba akaitupa mtaroni palepale. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na haikuzimika tena, kwa hiyo fundi akakata kipande cha selotepu nyeusi akaibandika juu yake. "Sasa iko sawa, afande. Sasa inafunga."

Sikuelewa chochote siku ile. Sasa naelewa, na ningependa mtu mwingine aelewe nami, maana nimechoka kuelewa peke yangu. Kwa Kiswahili dereva akisimamisha gari ghafla tunasema amefunga breki. Kufunga breki ni kuokoka. Lakini gurudumu likiganda, likaacha kuzunguka huku gari bado linakwenda, nalo tunasema limefunga. Hapo ndipo watu hufa. Fundi alikuwa anasema habari za gurudumu. Baba akasikia habari za breki. Kila mmoja alisema Kiswahili safi, na baba akatupa mtaroni kitu ambacho kilikuwa kimemwokoa nusu saa iliyopita.

Niseme ukweli: kwa mguu wa baba haikuwa na shida. Yeye alijifunza kwenye malori ambayo hayana mashine yoyote ya kufikiri. Ukitaka kusimama kwenye utelezi unapampu: unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia, ili gurudumu lipate kuzunguka kidogo kati ya kanyago na kanyago. Mguu wake ulikuwa ndio ABS. Kwa hiyo miaka ikapita na hakugonga kitu, na sentensi yake kwa wageni haikubadilika.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kidogo. Alimaliza kidato cha sita, chuo hakikumchukua, na kitu pekee alichopenda kwa moyo wote kilikuwa usukani. Baba alimfundisha kwenye uwanja wa wazi nyuma ya kanisa. "Pampu! Pampu! Unaogopa nini, itakuuma?" Kisha kaka akaenda shule ya udereva ili apate pamiti, na huko walikuwa na gari jipya zaidi. Mwalimu wao alimwaga maji uwanjani, akamwambia akimbize, akanyage breki mpaka chini na asiachie, kisha ageuze usukani kukwepa ndoo.

Jioni hiyo aliingia jikoni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mimi na mama tulikuwa tunachambua mchele.

"Inapiga mguu!" akasema. "Unajua kuku ukimbeba kwenye mfuko, anavyopiga mateke? Hivyo hivyo. Unataka kutoa mguu lakini unakaza. Na gari inageuka, banange, unakanyaga breki yote na bado inageuka!"

"Kwa nini ipige?" mama akauliza.

Kaka akanigeukia. "Haya, Profesa Kimya. Mwambie."

Ananiita hivyo kwa sababu kuongea mbele ya watu kunanishinda. Shuleni mwalimu akiniuliza swali najua jibu na bado nasema sijui, ili nikae chini upesi. Lakini kwa mama na kaka naweza. Nikamwambia mama afikirie anapanda njia ya udongo mwekundu baada ya mvua. Akitembea mpolampola, kila hatua kandambili inashika. Mara mguu ukiteleza, basi, hauna tena amri juu yake, hata ukitaka kwenda kulia unakwenda ulikokuwa unakwenda. Gurudumu ni hivyo hivyo. Likizunguka, linatembea, linashika barabara, na unaweza kuliambia ligeuke. Likiganda halitembei tena, linateleza, na ukizungusha usukani ni kama unazungusha sahani mezani.

"Sasa kwenye kila gurudumu kuna pete yenye meno," nikasema, "na kuna kijicho kinachoyaangalia meno yakipita. Kijicho kikiona meno yamesimama na gari bado linakwenda, kinaiambia mashine, na mashine inalegeza breki ya gurudumu hilo peke yake. Likizunguka tu, inabana tena. Inafanya hivyo upesi kuliko mguu wa mtu yeyote. Kule kulegeza na kubana ndiko kunakokurudia mguuni."

"Huyo ndiye kuku," kaka akasema.

"Huyo ndiye kuku."

Mama akacheka mpaka mchele ukamwagika. Ni jioni ninayoipenda, na sasa nikiikumbuka inanitia hasira.

Hatukumsimulia baba. Angesema shule ya udereva inaharibu watoto. Na kaka hakuona haja ya kuuliza kama gari letu lina kuku ndani yake, kwa sababu ni la Kijapani, na yote yanakuja nayo. Aliwahi kuuliza tu ile selotepu nyeusi ni ya nini. Baba akasema, "Ni taa mbovu. Endesha."

Kazi ilikuwa inamngoja. Baba ana rafiki yake wa zamani, walikuwa pamoja kikosi cha usafiri, naye siku hizi anasimamia madereva wa shule moja ya watoto wadogo. Alikuwa tayari kumchukua kaka aendeshe basi dogo, bila maswali, kwa neno la baba tu. "Mtoto wa afande," alisema, "huyo mguu amezaliwa nao." Kaka alinunua shati jeupe. Alilipiga pasi, akalitundika, akawa analiangalia.

Halafu ikaja Jumamosi ile. Baba alikuwa na mafua, akampa kaka funguo ampeleke mama Kalerwe kununua ndizi na karanga. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inang'aa. Walipokaribia soko, bodaboda aliyebeba kreti za nyanya akakata barabara mbele yao bila kuangalia. Kaka akafanya alivyofundishwa. Alikanyaga mpaka chini, akashikilia, akageuza usukani kumkwepa, akamngoja kuku apige.

Kuku hakupiga. Anasema kilichomtisha ni ule ukimya. Gari lilinyamaza kabisa, likateleza kama sabuni kwenye beseni, usukani umegeuka wote na pua ya gari bado iko palepale. Bodaboda akaponyoka, wala hakusimama. Gari likapanda ukingo likaingia kwenye nguzo ya umeme, upande wa mama. Mama alikuwa ameweka mkono mbele kujizuia.

Baba alifika kwa boda, shingo imezungushiwa taulo la mafua. Mama ananiambia alimshika bega, akamuuliza anaumia wapi, kisha akazunguka gari akiangalia matairi. Mwanamke mmoja wa kuuza nyanya akamwonea huruma. "Bambi, sebo, buleki zilikataa?"

"Buleki hazikukataa," baba akasema, kwa sauti ya kusikika. "Mtu ndiye alikataa. Hakupampu."

Mkono wa mama uliwekwa plasta kutoka vidole hadi kiwiko. Mama anafuma vikapu na sinia za ukindu, kama bibi yake na bibi wa bibi yake, zile za rangi ambazo Wanubi huweka juu ya chakula cha wageni. Daktari alisema mfupa utaunga lakini kifundo cha mkono huenda kisikunje kama zamani. Mama alisikiliza, akauliza kama vidole vitaweza kuvuta ukindu kwa nguvu. Daktari akasema tuombe Mungu.

Jumapili tukaitwa kukaa. Baba kwenye kiti chake, baba mdogo kwenye kochi na mama, kaka kwenye stuli karibu na mlango, mimi nyuma ya pazia la jikoni mpaka nilipoambiwa niketi nami.

"Nilikufundisha nini?" baba akauliza.

"Kupampu."

"Ulifanya nini?"

"Nilishikilia. Mwalimu alisema ukishikilia..."

"Huyo mwalimu ndiye alikulea?"

"Haikunipiga mguu, baba. Ilitakiwa inipige mguu."

Baba mdogo akapiga magoti yake kwa viganja. "Breki ikupige mguu! Kijana, hiyo ni breki au ni punda?"

Mama akasema, "Aligeuza. Mimi nilimwona mikono. Aligeuza steringi yote."

"Angegeuza, mke wangu, gari ingegeuka," baba akasema, tena kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Aliogopa, akaganda. Breki za hii gari ni nzima. Mimi mwenyewe nilizirekebisha."

Hapo nikasikia mdomo wangu unaongea. 

"Hakuganda yeye. Ni magurudumu. Magurudumu yalifunga."

Baba mdogo akanigeukia kama aliyeona paka anasema. "Yangefunga, gari ingesimama!"

"Hapana, ndiyo sababu haikusimama. Yalifunga. Ilitakiwa yasifunge."

"Breki isifunge?" Alianza kucheka kabla hajamaliza. "Afande, umesikia? Breki isiyofunga! Hiyo ni breki au ni mlango wa choo cha kambi?"

Hata kaka alitabasamu, kwa bahati mbaya, halafu akainamisha kichwa. Nikajaribu neno la shuleni. Nikasema yaliroki.

"Yaliroki? Kama milango?" baba mdogo akauliza. "Wezi walikuwepo?"

Sikuwa na neno lingine. Kwa Kiingereza ningeweza kuandika kurasa, na mchoro, na mshale wa msuguano. Lakini sebuleni kila nilichosema kwa Kiswahili kilimgeukia kaka. Nikisema yalifunga, wanasema yangefunga. Nikisema yasifunge, wanacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Kisha akachukua simu, akampigia rafiki yake mbele yetu wote, sauti imefunguliwa tusikie sote.

"Bwana, yule kijana wangu bado. Mguu haujakomaa. Mchukue mwingine, nisije nikakuaibisha."

"Afande ukisema bado, ni bado," rafiki akajibu. Hakuuliza hata kilichotokea.

Kaka akasimama, akatoka nje. Wiki hiyohiyo akahamia kwa mwenzake Kamwokya, akaanza kuosha magari. Shati jeupe aliliacha limetundikwa.

Maneno ya baba hayakuniacha: mimi mwenyewe nilizirekebisha. Nikawa nayasikia nikisafisha sahani, nikiwa darasani. Lini alirekebisha? Ndipo ikanijia ile gereji, krrr, fundi anacheka, kitu kidogo kinatupwa mtaroni. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, limepinda upande mmoja. Nikafungua boneti siku baba alipompeleka mama msikitini kwa dua, yeye mwenyewe, Mkristo, akimngoja nje kwenye benchi kama kawaida. Chini ya kifuniko cha kile kiboksi kuna mchoro unaoonyesha fyuzi zote na kazi zake. Nikafuata kwa kidole mpaka herufi tatu. Mahali pake palikuwa na matundu mawili matupu, na buibui.

Nilikwenda kwa fundi. Nilipita gereji mara kadhaa kabla ya kuingia, nikijifanya natafuta duka. Alinikumbuka.

"Mtoto ya afande! Umekuwa mrefu."

Nikamuuliza. Akaacha kucheka.

"Miye nilimwambia. Yeye alisema toa, miye nikatoa. Gari ni yake."

"Unaweza kuja nyumbani umwambie mama hivyo? Kwamba ilitolewa?"

Akafuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Dada, miye ni mgeni kwa hii nchi. Baba yako aliwahi kunitoa kituoni, siku moja, kwa jambo ambalo sikufanya. Unataka nikae mbele ya bibi yake niseme afande alikosea? Hapana. Hapana kabisa."

Basi ikabaki mimi. Nilichagua asubuhi ambayo baba alikuwa peke yake uani, anakwangua kutu. Mvua ilikuwa imeacha udongo laini. Sikuanza na maneno, kwa kuwa maneno nilishayajua. Nilichukua wilibaro la kubebea mchanga, nikapitisha kijiti kwenye gurudumu lake mpaka likashindwa kuzunguka, nikalisukuma kwa nguvu huku nikilipinda kulia. Halikwenda kulia. Lilichimba mfereji ulionyooka mpaka ukutani. Nikatoa kijiti, nikasukuma tena, nikapinda. Likageuka.

"Kijiti ni breki," nikasema. "Ile mashine kazi yake ilikuwa kutoa kijiti na kurudisha. Gurudumu lisigande. Haikuwa ya kuzuia gari lisisimame."

Baba hakuhitaji mara ya pili. Ameteleza na malori milimani kabla sijazaliwa. Niliona uso wake ukibadilika, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kufunga kwa gurudumu," akasema polepole. "Si kufunga kwa breki."

"Ndiyo, baba."

"Huyo Mkongomani Kiswahili chake kibovu."

Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Nani mwingine anajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kofi. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Nikasema fundi na mimi. Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea ripoti.

"Utampigia rafiki yako? Umwambie haikuwa mguu wa kaka?"

"Nitaangalia."

Nitaangalia ni neno la wakubwa. Ombaomba anaambiwa Mungu akubariki, mtoto anaambiwa nitaangalia.

Gari liliponyooshwa, baba aliweka fyuzi mpya. Hakusema. Nilijua kwa sababu selotepu ilikuwa imebanduliwa, na gari likiwashwa ile taa ya njano inawaka kidogo kisha inazimika, ndivyo inavyotakiwa, mashine inajikagua. Kwa hiyo aliniamini. Aliniamini kiasi cha kutengeneza gari. Kumpigia mtu simu, hapana.

Mama alifunguliwa plasta. Mkono ulikuwa mwembamba, mweupemweupe, na ukindu ukimshinda anauweka pajani, anauangalia, anauchukua tena. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilimwona mikono, mimi. Nilisema aligeuza." Akaendelea kufuma. Sijui kama aliwahi kumwambia baba lolote. Wana mambo yao, na mengi wanayanyamazia kwa lugha ambayo sijajifunza.

Kisha rafiki wa baba akaja kutembea, Jumapili mchana. Nilikuwa nimebeba sinia la chai nilipomsikia.

"Bwana, afande, yule kijana wako? Nafasi imerudi. Yule niliyemchukua amekwenda Dubai."

Nikasimama mlangoni. Baba aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu macho yake yalikuja kwangu kwanza, ndipo yakarudi kwa mgeni.

"Bado," akasema. "Bado, bwana. Breki hajui."

Nikaweka sinia mezani. Vikombe viligongana. Mgeni akasema, "Asante, binti," akidhani nimemaliza.

"Baba aliitoa ABS ya gari," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Kaka hakuambiwa."

"Umesema?"

Nikarudia, na safari hii nilikuwa na neno. "Magurudumu yaliganda, kwa sababu ile mashine ya kuyazuia yasigande ilikuwa imetolewa. Kaka alikanyaga kama walivyomfundisha. Mama alimwona akigeuza."

Yeye ni dereva. Anasimamia mabasi mapya. Alielewa kabla sijafika mwisho, akamtazama baba, na baba akatazama dirishani. Kisha mgeni akainua kikombe, akakipuliza.

"Chai ya hapa kwenu, afande, ni moto kabisa."

Wakaanza kuongea habari za mvua, za bei ya mafuta, za mwenzao mmoja aliyepooza. Nilisimama pale, hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Ilikuwa kana kwamba kaka yangu yuko mezani katikati ya vikombe na wao wanamzunguka.

Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani, ndiyo heshima. Karibu na duka la kona alisimama.

"Nimekusikia," akasema. "Usidhani sikusikia. Lakini huyu mzee ndiye aliyenifundisha kuendesha. Nikimchukua kijana leo, baada ya yeye kusema bado, nimemwita mwongo nyumbani kwake. Siwezi."

"Lakini ni kweli."

"Najua ni kweli, binti yangu." Akasimamisha boda, akapanda.

Baba hakunipiga, hakunifokea. Mimi nimepewa jina la mama yake aliyefariki, na tangu nakumbuka alikuwa ananiita mama: mama leta maji, mama umekula? Asubuhi ya Jumatatu alisema, "Mwanafunzi, chai." Nikadhani anatania. Ndivyo anavyoniita hadi sasa, kwa adabu, kama mtu aliyekutana nami ofisini. Na mgeni akija bado anaambiwa kwamba afande hajawahi kugonga kitu. Ni kweli pia, ndiyo maana siwezi kubisha.

Nilimpigia kaka baada ya shule. Nyuma yake kulikuwa na muziki na maji yanapiga bati la gari.

"Ulisema mbele ya mgeni?" akauliza. "Wewe? Kwa mdomo huo?"

"Ndiyo."

Akacheka, cheko lake la zamani la jikoni. "Profesa! Ningekuwepo. Baba alifanyaje?"

"Alitazama dirishani."

"Na mgeni?"

"Alielewa yote. Amesema ni kweli."

"Sasa kazi?"

"Amesema hawezi," nikasema. Maji yaliendelea kupiga bati. Mtu alimwita kwa Luganda, aharakishe.

"Basi," akasema. "Kuna gari ya mtu hapa."